Majina Nyuma ya Mashine ya Tatu

Modeste Kalenga anafanya usafi katika nyumba za wanafunzi huku Woluwe, ughaibuni, mwaka wa kumi na tisa sasa. Shule aliiacha kwetu Likasi, darasa la sita. Mimi nilifika la nane, na humkumbusha kila Jumapili tukitoka kanisani. Hununa, kisha ananinunulia kahawa.

Lakini kitu kimoja ananishinda, nakikubali hapa kwa maandishi tu, maana mdomo wangu hautaki. Historia ya wanafunzi wetu wanaojiita Ndugu wa Mashine anayo yeye.

Undugu wao ulianzia chumba cha kufulia: wanafunzi wanne weusi, wameegemea mashine wapate joto. Kila Oktoba wapya wanatembezwa. Kwanza ngazi ambapo Mbombo, mmoja wa wale wanne, aliteleza, akaitukana theluji kwa lugha tatu. Halafu benchi ambalo mwenzake Hervé alilikalia siku nzima akiogopa kusoma matokeo. Mwisho ni hapo kwenye kufulia, nyuma ya mashine ya tatu, ambapo kila mpya anaandika jina lake ukutani kwa penseli. Kupiga picha ni mwiko. Anayetaka kuona, aje.

Mvuke unayafifisha majina hayo. Basi kila Septemba Modeste anavuta mashine, anapiga magoti, anayapitia upya moja moja. Hakuna aliyemtuma.

Mwaka huu mkubwa wa jengo akaleta ndoo ya rangi nyeupe: ukuta wote, hata nyuma ya mashine. Modeste akapaka. Kazi ni kazi.

Jumamosi Sephora, binti anayesomea udaktari na anayewaongoza Ndugu, akaingia na wapya watano. Mimi nilikuwepo kwa ajili ya mandazi yao. Tukavuta mashine. Nyeupe tupu!

“Papa Modeste! Ni weye umepaka?”

“Ni miye.”

“Na hata photo hatuna, papa! Majina yote imekwisha!” Machozi yakamtoka.

“Bon. Sogea kwanza, mama, unaniziba mwanga.”

Akapiga magoti, akatoa penseli mfukoni, akaanza. Mbombo. Hervé. Arnaud. Viviane, msichana wa kwanza. Hana karatasi, hana simu.

“Huyu iko daktari ya meno Lubumbashi,” anasema huku anaandika. “Huyu alianguka mtihani mara mbili, alors mara ya tatu akapita.”

Nikajaribu kumchanganya. “Umeruka Zuberi!”

“Zuberi alikuja nyuma ya Jémima, na Jémima bado. Nyamaza, weye wa darasa la nane.”

Wapya wakacheka hadi mandazi yakawapalia. Nami nikacheka, nifanyeje?

Jina la hamsini na mbili, la mwisho, lilikuwa la Sephora. Binti akajifuta uso, akaishika penseli.

“Sasa yako, papa.”

“Wacha!” Modeste akamnyang’anya. “Jumatatu chef wa jengo atauliza nani amechafua ukuta. Unataka ukuta umujibu?” Akawageukia wapya. “Mwandike yenu, ninyi. Mbiyo, turudishe mashine. Kuna muntu kule inje na nguo zake.”