Mlinzi wa Makaburi Manane ya Jabali

Saa moja na nusu asubuhi, Sidhom Ayad anapanda ngazi ya mawe kwenye jabali la mashariki mwa Mto Naili, akiuburuta mguu wa kushoto. Anafungua mlango wa chuma wa kaburi la kwanza na kumulika kuta kwa tochi: michoro ya wavuvi, ng'ombe, wanawake wenye vikapu. Hakuna kilichoguswa. Anafunga. Yamebaki saba.

Sidhom, 57, analinda makaburi haya yaliyochongwa enzi za mafarao, pamoja na machimbo ya kale yaliyo chini yake. Leo ni siku ya thelathini na nne bila mgeni.

"Watalii wanapita na treni ng'ambo ya mto," anasema, "tena wamelala."

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa na mwenzake, Hamdan. Alifariki miaka miwili iliyopita. Nafasi yake haijajazwa.

"Alikuwa akikoroma kila adhuhuri, namtupia kiatu. Siku hizi kimya ndicho kinaninyima usingizi."

Machi mwaka jana, jiwe liliporomoka machimboni likamvunja mguu. Simu aliiacha juu. Alipiga kelele tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, akijibiwa na sauti yake mwenyewe.

Aliyemsikia ni Umm Rizq, mjane aliyekuwa akikata majani ya mifugo shambani.

"Nilidhani mbuzi kakwama," anasema mama huyo. "Kumbe ami Sidhom!"

"Angekuwa mbuzi ungekuja mbio zaidi," Sidhom anamchokoza.

"Mbuzi ana faida, ami."

Sidhom alilazwa hospitalini miezi miwili. Aliporudi alikuta wezi wamekata kwa msumeno uso wa msichana ukutani, kaburi la tano. Hakuna aliyekuwepo kuwazuia.

Baadaye ofisi ya mambo ya kale ilimpa uhamisho: kiti mjini, karibu na mkewe, Teriza, anayeishi na binti yao. Akakataa.

"Nikikaa mjini, nani atapanda huku?" anauliza.

Teriza alimjibu kwa simu: "Basi kaa na mawe yako." Tangu Pasaka hajapiga tena.

Kila mwezi Sidhom anaandika barua kuomba mlinzi wa pili. Ya kumi na sita iko mfukoni, tayari kwenda.

"Sichagui," anasema. "Awe mvivu, awe mgomvi. Mgomvi ndiye bora. Tutagombana mpaka jua lizame, wala hatutajua limezama saa ngapi."