Adabu Iliyoharibu Dawa ya Mama

Kisanduku kile kilikuwa na kazi moja tu duniani. Umeme ukikatika na frigo, yaani jokofu, la mama likaanza kupata joto, kipige kelele na kitume ujumbe kwenye simu zetu, mi na dada yangu. Kazi moja! Ijumaa tulikwenda harusini Rumonge. Mama alichukua chupa moja ya safarini ya insulini, dawa yake ya kisukari, akiba yote akaiacha kwenye frigo, maana binti yake, yaani mi, ni fundi wa kompyuta na binti yake amefunga mtambo. Jumapili tukarudi nyumbani Buyenzi, tukakuta umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, frigo limeungua, jikoni chini ya mabati kuna joto la tanuri, na dawa iliyokuwa safi kama maji imefanya ukungu. Juu ya frigo kisanduku changu kimetulia, kitaa cha kijani kinawaka, utadhani hakuna kilichotokea.

Wallahi nilitaka kukipiga teke.

"Si nilikuambia dawa ikae kwangu?" dada akaanza, hata begi hajaliweka chini.

"Kwako, watoto wanafungua frigo kila dakika?"

"Afadhali watoto, wanapiga kelele. Mutambo wako umenyamaza."

Mama alipita katikati yetu, akaingia chumbani kuvua buibui, akatuacha tukigombana. Ile chupa ya safarini ilikuwa imebaki chini ya nusu.

Ofisi yetu iko mtaa wa Rohero, chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, na ndani tuko watu wawili tu. Mwenzangu ni mzee wa Buyenzi hukohuko kwetu, rika la marehemu baba, namwita tonton, yaani ami. Yeye anaandika programu kwa lugha ya C, lugha aliyozeeka nayo. Mi naandika kwa Rust, ambayo tonton anasema ni lugha ya watu waoga. Mtambo wetu, ule wa kisanduku, unaishi ndani ya kernel, yaani kule kwenye kiini cha kompyuta, ambako programu ikijikwaa, kila kitu kinaanguka nayo.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Upande wangu unasoma kipimajoto, unafunga habari zake kwenye kifurushi ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, unakipeleka upande wa tonton, na upande wake ndio unaopiga kelele na kutuma ujumbe. Kazi ikiisha, kifurushi kinatupwa. Kitupwe na mmoja, mara moja, basi. Kisipotupwa, takataka zinajaa. Kikitupwa mara mbili, yule wa pili anatupa mahali ambapo pengine pameshapewa kitu kingine, na siku hiyo mtambo unaganda: taa inawaka, akili haimo. Kosa hilo halijitokezi kila siku. Linakungojea mpaka uende harusini.

Rust ni kali sana kwa mambo haya. Ukishampa mwenzio kitu, si chako tena, na ukithubutu kukigusa inakataa hata kuanza kazi. Lakini ukali wake unaishia mpakani. Kitu kikivuka kuingia C hakuna askari tena, mnabaki kutegemea mlivyokubaliana nyinyi wenyewe. Na sisi tulikubaliana nini? Hatukuwahi hata kuulizana.

Jumatatu nilisoma programu ya tonton mstari kwa mstari, damu ikinichemka.

"Tonton, mbona unatupa kifurushi changu?"

"Si umenipa? Nimemaliza nacho, nikasafisha. Ningekuachia we takataka?"

"Lakini na mi nakitupa!"

"We? Kwa nini?"

"Ili nisikuachie wewe takataka!"

Tukatazamana. Astaghfirullah.

Na ugonjwa huu tunao hata kwenye chakula, jamani. Mchana tunakula sinia moja, wali ninaotoka nao kwa mama. Kwetu, aliyekaribishwa hagusi sinia, mwenye chakula ndiye anayeliondoa. Kwao tonton, aliyemaliza wa mwisho ndiye anayelinyanyua, na akikaa tu wanasema hana malezi. Kumwuliza mtu nani ataondoa sinia ni sawa na kumwambia umeshiba, haya nenda. Basi hatuulizani. Tunanyanyuka wote wawili, mi navuta huku, yeye anavuta kule, "wacha binti yangu," "apana tonton, kaa," na wali uliobaki unamwagika sakafuni. Kila mara tunacheka, tunazoa wali, kesho yake tunarudia.

Siku ile sikucheka. Ningemwandikiaje mzee wa rika la baba: usiguse? Na yeye angemwambiaje binti wa watu: ondoa mwenyewe? Adabu, adabu, adabu! Kuuliza si ujinga, tunawaimbia watoto, kisha sisi wakubwa tunaona haya kuuliza. Akiba ya mama imeharibika kwa sababu watu wawili wamelelewa vizuri mno. Machozi ya hasira yalinitoka, nikamwambia kavukavu, bila tafadhali:

"Kikivuka ni chako. Mi sikigusi tena. Utakitupa we peke yako."

Akavua miwani, akaifuta.

"Bon, haya. Andika hivyo juu kabisa, kila atakayekuja asome."

Nikaandika. Upande wangu nikauambia ukiachilie kifurushi mlangoni na usahau kabisa kwamba kilikuwa chake. Tukazima na kuwasha umeme mpaka vidole vikauma, na mtambo haukuganda.

Dawa tulihangaika kuitafuta, dada maduka ya Bwiza, mi maduka ya Rohero. Kila duka tunaambiwa: Imeisha. Pitia kesho. Labda wiki ijayo, madame. Dada ndiye aliyeipata, siku ileile chupa ya safarini ilipokauka. Tukaiweka kwenye frigo alilotuazima shangazi, na kabla mlango haujafungwa tukaanza upya: ikae hapa au kwake, aichunge nani, ufunguo wa jikoni abaki nao nani.

Ijumaa, wote tuko kwa mama, umeme ukakatika mchana. Baada ya muda kisanduku kikapiga kelele mpaka majirani wakachungulia, na simu zetu zikalia. Ningekibusu! Nikakimbilia jikoni, dada naye anatokea uani, tukagongana mlangoni, mikono yetu sote wawili juu ya frigo.

"Wacha, naichukua mi."

"Apana, wacha mi."

Tukafungua. Dawa haikuwemo.

Mama alikuwa sebuleni kwenye mkeka, tasbihi mkononi, themosi ya maji baridi ubavuni kwake. Feni iliposimama tu alikuwa ameshakwenda kuitoa dawa na kuitia humo.

"Munatafuta nini?"

"Dawa, mama."

"Ya nani?"

Mama akaweka tasbihi chini.

"Toka Jumapili ile munaigombania. Ikae kwa nani, aichunge nani. We umemuuliza mutambo, umemuuliza tonton wako. Dada yako ameuliza mji muzima. Sindano inaingia mwili wa nani?" Akavuta themosi karibu yake. "Mwenyewe bado niko hai. Muzime hiyo kelele."