Tanbihi Zilihama Ukurasa, Nikamtwisha Mzee wa Watu Kosa Langu

Mimi ni mkosaji, tuanzie hapo. Usinitafutie utetezi, maana nimeshajitetea mwenyewe miaka yote hii na haujanisaidia kitu. Jina langu sitalitaja. Hata sasa ninapoandika mlango nimeufunga, utadhani kuna mtu anakuja kunikamata.

Nilikuwa mpiga chapa Manyoni mjini, zile enzi za soko huria, kila kitu ruksa. Ushirika ulikuwa umekufa. Majosho ya serikali yalikuwa yamekauka na kuota majani. Dawa za mifugo zikawa zinauzwa mnadani kama karanga, zimemiminwa kwenye chupa za soda, hazina hata kibandiko cha kusema hii ni nini.

Palikuwa na bwana mifugo mmoja mstaafu. Nitamwita Mzee Ndahani, ingawa si jina lake. Wafugaji wa Kintinku na vijiji vya jirani walikuwa hawamchanji ng'ombe bila kumuuliza yeye. Alipoona watu wananunua dawa wasizozijua, akaogopa wataua mifugo yao, akaamua kutoa kijitabu cha kuwaelekeza.

Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho. Kuandika alikuwa hawezi, kusoma hawezi. Kwa hiyo alikuja ofisini kwetu akakaa kwenye kiti pembeni yangu, akawa anasema na mimi nachapa. Hakukuwa na karatasi nyingine yoyote, ni mdomo wake na vidole vyangu.

Alitaka kila dawa iwe na ukurasa wake. Juu maelezo ya ugonjwa, halafu namba ndogo, na chini kabisa ya ukurasa tanbihi inayosema dawa inatumikaje na kwa kipimo gani. Alisema mfugaji hana muda wa kusoma yote, yeye atawafundisha waangalie chini tu. Na aliwafundisha kweli, mpaka wasiojua kusoma walikuwa wanawaambia watoto wao, nisomee pale chini.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Bosi alikuwa amenunua kompyuta, ya kwanza mtaani kwetu, na mimi nilikuwa nimesomea taipureta. Nilimdanganya kwamba kompyuta naijua.

Kwenye taipureta tanbihi unaiweka kwa mkono. Unakadiria mistari, unabakiza nafasi chini, unapiga kamstari kafupi, unaandika. Na kila ukurasa namba inaanza upya, moja. Nikafanya vilevile kwenye kompyuta. Nabonyeza enta, enta, enta mpaka nifike chini, ndipo naandika. Sikujua kwamba mashine ina amri yake ya kuifunga tanbihi na neno lake, kwamba neno likihamia ukurasa mwingine nayo inalifuata yenyewe. Kuuliza niliona aibu.

Nilipomaliza nikamsomea mzee yote, ukurasa mmoja mmoja. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Akasema asante mwanangu, akaenda zake.

Alipoondoka bosi akaniambia stensili za kudurufia ni za fulskepu, ndefu kuliko karatasi niliyopangia. Nikabadilisha ukubwa wa karatasi. Jamani! Maneno ya ukurasa wa pili yakapanda wa kwanza, ya wa tatu yakapanda wa pili, na tanbihi zangu zikabaki zinaelea katikati ya kurasa.

Bosi ananiuliza kama bado. Taa zimeshaanza kupepesa, umeme unataka kukatika. Nikazikata zile tanbihi na kuzibandika chini haraka haraka, huku nakisia ipi ni ya wapi. Zote namba moja! Kwa kutazama kurasa zilipendeza. Sikuzisoma tena. Tukadurufu, mzee akachukua vijitabu vyake, akavigawa.

Baada ya siku kadhaa niliokota nakala moja iliyochafuka wino, nikaitandika nile maandazi juu yake. Nikaanza kusoma tu bila sababu. Andazi lilinishinda kumeza.

Ukurasa wa dawa ya minyoo, ile ya kunyweshwa, chini yake pameandikwa ni sumu, ichanganye na maji mengi, mwoshe ng'ombe mwili mzima, isimwingie mdomoni. Na ukurasa wa dawa ya kupe, sumu yenyewe, chini yake pameandikwa: mnyweshe ng'ombe mkubwa chupa moja, ndama nusu chupa.

Nilikaa pale pale. Ningenyanyuka saa ile ile nikamwambie bosi, au nimkimbilie mzee, leo nisingekuwa naandika haya. Sikunyanyuka. Niliogopa kufukuzwa kazi, niliogopa kuitwa mwongo wa kompyuta. Nikaikunja ile nakala nikaitia motoni. Nikajiambia wafugaji si watoto, dawa ya kupe inanuka, nani atamnywesha ng'ombe kitu kinachonuka vile?

Lakini usingizi ulikatika. Kila aliyeingia ofisini na vumbi la njiani miguuni nilidhani analeta habari ya msiba. Mtu akikohoa nashtuka.

Halafu akaja mama mmoja wa Kintinku kupiga chapa barua ya shule. Nikamuuliza habari za nyumbani kwa mjomba wangu, kaka yake mama, aliyenilea tangu nikiwa mdogo. Akasema wote wazima, mjomba wako kanunua dawa ya kupe mnadani, na kile kijitabu cha mzee anacho, kesho asubuhi anaanza na majirani wataleta ng'ombe wao hapo hapo. Alisema hivyo huku anatabasamu.

Alfajiri nilikuwa barabarani. Nikapata lori la vitunguu linalokwenda Dodoma, nikapanda juu ya magunia. Njia nzima naomba Mungu mjomba achelewe kuamka, na namjua, hajawahi kuchelewa kuamka. Mungu wangu, sijawahi kuogopa vile, wala kwenye uchungu wa kuzaa sikuogopa vile.

Niliposhuka sikutembea, nilikimbia. Kabla sijaliona zizi niliisikia harufu ya dawa. Watu walikuwa wengi. Mtamba mmoja mweupe alikuwa chini, povu linamtoka, miguu inapiga piga mchanga, na watu wanasema labda ndiyo dawa inaanza kufanya kazi. Mjomba alikuwa ameshamshika ng'ombe wa pili pembe, kichwa kimeinuliwa, chupa inaelekea mdomoni.

"Mjomba, weka chini hiyo chupa," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie.

Akanitazama. Hata shikamoo sikuwa nimempa.

"Kijitabu kinasema hii mpya tunyweshe," akasema. "Mke wangu kanisomea, hapa chini."

"Kijitabu kina makosa. Hiyo ni ya kuogesha. Ni sumu."

Akaishusha chupa polepole. Yule mtamba alikuwa anahema tu. Mjomba akamwangalia, halafu akaniangalia mimi, akauliza, "Makosa ya nani?"

Swali dogo hivyo. Majirani wamesimama na fimbo zao, ng'ombe wao wamefungwa kwenye miti wanasubiri zamu, na mimi katikati yao. Niliziona zile fimbo. Niliona uso wa mtu aliyenilea.

Nikasema, "Ya mzee. Ndivyo alivyonitajia."

Mtamba alikufa kabla jua halijawa kali. Wale ng'ombe wengine wote walipona, na mjomba akanishika mkono mbele za watu akashukuru nimewaokoa. Nilikubali kushukuriwa! Nilikula hata ugali wao mchana ule.

Habari zilimfikia Mzee Ndahani siku ile ile. Hakubisha. Alichukua baiskeli, akawa anaikokota kwa sababu kuendesha macho hayamruhusu, akazunguka kijiji kwa kijiji kuwaambia watu wakichane kile kijitabu chote. Kila alipofika alisema kosa ni lake. Wengine walimpokea, wengine walimfungia zizi. Mimi nikawa nasubiri kusikia kwamba mahali fulani amechelewa. Kila siku nilisubiri. Mungu alisaidia, hakuchelewa popote.

Kisha akaja ofisini. Nilimwona tangu anavuka barabara, nikatamani kutokea dirishani. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kiti kile kile. Hakuwa na hasira hata kidogo. Ingekuwa hasira ningeivumilia.

"Mwanangu," aliniuliza, "nilisema vile kweli? Ya kupe nikasema inywewe?"

Nafasi ilikuwa ile. Tulikuwa wawili tu, bosi katoka. Nikamjibu, "Ndiyo mzee."

Akatikisa kichwa muda mrefu. "Na uliponisomea sikusikia. Basi akili imeanza kunitoka. Afadhali uliwahi kule, ningeua mifugo ya watu."

Akanishukuru. Baada ya hapo hakutibu tena mnyama. Wachache waliomwendea aliwarudisha, akasema haamini tena anachokisema. Mke wake aliniambia sokoni kwamba mzee hata chumvi ya mboga hataki kuitia, anamwambia atie yeye, asije akaua mtu. Mama yule alikuwa ananieleza kama kichekesho cha uzee. Nikacheka naye, halafu nikaenda nyuma ya kibanda cha nyanya nikatapika.

Tanbihi nilijifunza baadaye, kijana mmoja wa Dodoma alinionyesha. Ni kazi ya kubonyeza mara moja. Nililia mbele yake, akadhani nimefurahi.

Nilipanga kwenda kwa mzee nimwambie. Nilipanga kila mwezi. Nikifika njia panda ya kwake miguu inakataa, nafikiria mjomba atakavyosikia, nafikiria zile fimbo, narudi. Mzee akafa hajui.

Kwenye mazishi katekista alimsifu kuliko nilivyowahi kusikia marehemu akisifiwa. Alisema huyu ni mtu aliyekosea mara moja, akalibeba kosa lake mwenyewe, akalitangaza kwa miguu yake vijijini, vijana tujifunze. Mjomba wangu akasimama, akasema mbele ya kaburi kwamba habari ya yule mtamba alishaisamehe zamani. Watu wakaitikia amina. Na mimi nilikuwa kwa wanawake, khanga mdomoni, nikaitikia amina.

Ndugu yangu unayesoma, kama unapiga chapa kazi ya mtu na hujui kitu, uliza, aibu ya kuuliza inaisha siku hiyo hiyo. Na ukishabadilisha karatasi, soma upya mpaka mwisho, hata bosi akipiga kelele. Lakini hilo ni dogo. Siku utakapoulizwa kosa ni la nani, jisemee haraka kabla hofu haijakusemea. Mjomba bado yuko hai, bado ananiita aliyewaokoa ng'ombe wake, na Pasaka hii amenialika nyumbani. Nitaenda. Nimeandika haya kwanza kwenu kwa sababu naogopa kwamba nikifika pale nitakula tena ugali wake nikanyamaza.