Kadi Iliyopigwa Muhuri wa Nyama

Niseme kabisa lile la aibu kabla sijaanza kulizungukazunguka: niliwahi kumtumia mzee wa watu kadi ya harusi ya binti yake, na alipoifungua akaona paja la ng'ombe. Paja lenyewe lina muhuri, limeshakaguliwa. Mimi nilikuwa nimechora moyo.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa na meza sokoni Tunduma, nauza kadi za kutengeneza mwenyewe. Usidhani nilikuwa msanii. Shule nilifika kidato cha pili, halafu mimi na shule tukaachana na kila mmoja akashukuru. Hata huko shuleni, siku tulipoambiwa tuchore panzi, mwalimu alinirudishia daftari akaniuliza hicho kiti ni cha nani. Ila kadi za dukani zilikuwa na Kizungu kitupu, na mtu anayemtumia bibi yake salamu za Krismasi kijijini Ibaba anataka bibi aelewe. Kwangu unaagiza maneno yako, nakuandikia hapo hapo unaona.

Mihuri nilichonga mwenyewe. Ndala ikikatika sikuitupa, nilikata soli nikaichonga kwa wembe: nyota, ua, ndege. Yule ndege wateja walimwita sufuria, lakini walimnunua. Wino wa mihuri ulikuwa wa kutafuta, kwa hiyo nilitumia GV, ile dawa ya zambarau tunayowapaka watoto vidonda vya mdomo. Naimimina kwenye kifuniko cha dawa ya viatu chenye kipande cha godoro, nachovya soli, nagonga kwenye karatasi ya manila. Halafu nanakshi kwa maka peni nilizonunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Vidole vyangu vilikuwa zambarau mwaka mzima. Mtu akinipa mkono, anauangalia wake kwanza kabla ya kuniuliza hali.

Meza ya jirani na yangu alikaa rafiki yangu, muuza mchele wa Kamsamba. Yeye aliniita Mama Kadi, mimi nikamwita Mama Mchele, na soko zima likafuata. Alikuwa mtu wa kucheka, ila ukitaja Iyula anaanza kupepeta mchele ambao tayari ni safi. Iyula ndiko kwa baba yake. Aliondoka huko bila kuaga, akaja kuishi Tunduma na fundi baiskeli, wakapata watoto, na tangu hapo mzee hakutaka kusikia habari zake. Sasa walikuwa wanabariki ndoa yao kanisani, na kitu kimoja tu kilikuwa kinamkosesha usingizi: nani atamwingiza kanisani.

Kwetu baba aliyekasirika anatumiwa watu, tena watu wazima, waende wakakae chini. Walikwenda. Mzee wa kanisa alikwenda na shangazi wa bwana harusi, wakapewa viti, wakapewa ugali na maharage, na walipotaja harusi baba mtu akasimama akaenda kuangalia kahawa yake shambani. Hakurudi mpaka walipoondoka.

Rafiki yangu akaja mezani kwangu.

"Mama Kadi, nitengenezee kadi ya baba."

"Mwenzangu, baba mzazi anatumiwa kadi kama mwalimu wa kwaya?"

"Watu ameshawakimbia. Kadi ataikimbiaje? Hata mbwa hawezi kuifukuza."

"Haya, niambie maneno."

Akaanza: mwambie nimemkosea, mwambie wajukuu wanamuulizia, mwambie mkubwa ana masikio yake kabisa. Mimi naandika kwenye karatasi ya pembeni. Mara akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Futa yote. Andika, Baba, njoo."

Nami nikasema, kadi yenye maneno mawili lazima picha ndiyo iseme. Hapo ndipo nilipoharibu. Nikachora moyo mkubwa, uenee ukurasa. Ukanenepa juu, ukarefuka chini. Maka peni nyekundu ilikuwa inakaribia kuisha, ikawa inaacha michirizi. Pembeni nikaacha nyeupe ili ung'ae. Kisha nikachonga muhuri mpya wa pete mbili zilizoshikana, wembe ukateleza, pete zikawa duara moja lenye mistari katikati. Nikasema si haba, ni shada la maua. Nikauchovya kwenye GV nikaugonga katikati ya moyo kwa nguvu zangu zote. Rafiki yangu akasema kadi nzuri. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, asingeona kitu. Tukampa mtu wa Iyula aliyeleta maharage sokoni, kadi ikaenda.

Ijumaa, kesho yake ndiyo harusi, mimi napanga meza, akaja mzee mmoja amevaa koti na mabuti ya shamba. Mkononi ana kadi yangu. Rafiki yangu alikuwa ameenda kuchukua mchele stoo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hii umetengeneza wewe?"

Nikajua amekuja kunisifu. Nikajinyoosha. "Ni mimi, baba."

"Hii ni nini?"

"Moyo, baba."

"Moyo." Akaigeuza, akaiinamisha, akaisogeza mbali na macho. "Moyo gani una muhuri wa bwana afya?"

Ng'ambo ya njia kulikuwa na bucha, na muuza nyama wake alikuwa na masikio marefu. Akavuka na kisu chake mkononi, akachungulia. "Mzee, hii ni paja la nyuma. Mafuta yake haya hapa pembeni. Na imepita, haina ugonjwa." Nikageuka kuangalia bucha lake. Paja lilikuwa linaning'inia pale, jekundu lenye michirizi, weupe pembeni, na duara la zambarau katikati. Ningelikuwa nimekaa nikalinakili nisingelipata vizuri hivyo. Hata zambarau ilikuwa ni ile ile.

Watu wakaanza kujaa. Mmoja akauliza kilo inakwendaje. Nikatafuta pa kujificha, meza yangu ilikuwa ndogo.

"Mimi nimekaa kwangu," mzee akasema, sauti imepanda, "naletewa karatasi. Nyama imepigwa muhuri, chini imeandikwa Baba, njoo. Nije kufanya nini? Kuchukua fungu langu? Mwanangu amekuwa ng'ombe mnamkagua huku Tunduma?"

"Hapana baba, ni..."

"Nimekuja kuuliza hilo tu. Sikuja kwenye harusi ya mtu."

Ndipo rafiki yangu akatokea na gunia la mchele kichwani. Alipomwona, gunia likashuka lenyewe. Akapiga magoti pale pale kwenye vumbi, mchele mwingine ukimwagika pembeni yake.

"Shikamoo, baba."

Watu wakasogea nyuma, hata yule wa kilo. Mzee akamwangalia binti yake, akaangalia kadi, akamwangalia tena.

"Marahaba. Umekonda," akasema. "Simama, mchele unapotea."

Akainama yeye mwenyewe akaanza kuzoa mchele kwa viganja.

Usiku alilala kwa binti yake. Asubuhi shangazi wa bwana harusi alipomshukuru kwa kuja, akamjibu kwamba yeye amekuja kwa habari ya kadi. Mchungaji alipomsalimia mlangoni, akamwambia hivyo hivyo, habari ya kadi. Kisha akamshika binti yake mkono, mabuti yamefutwa yanang'aa, wakaingia polepole mpaka mbele. Mjukuu mkubwa alikuwa nyuma yao. Masikio kweli yalikuwa ya babu, hakuna haja ya kuuliza.

Jumatatu tukarudi kwenye meza zetu. Nilikuwa nimeamka na aibu zangu zote, nikamwambia rafiki yangu nimeamua: nitamtafuta fundi wa mabango anifundishe kuchora, angalau moyo uwe moyo.

Akaweka bakuli la kupimia chini.

"Mama Kadi, ungemchorea moyo, angeuweka kwenye sanduku akaenda shambani," akasema. "Nakuomba, wewe usijifunze kuchora."