Mama Chenji na Ndege wa Kichwa Chini

Pale sokoni hakuna aliyemwita kwa jina alilozaliwa nalo. Alikuwa Mama Chenji, basi. Wachuuzi ndio waliompa jina hilo, maana ukimpelekea noti kubwa asubuhi alikuwa anakutazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala, halafu anasema, "Chenji sina, na wewe umebanwa. Sasa tufanyeje?" Mtu anacheka huku kajishika tumbo, anakimbilia kwa muuza vitunguu kuvunja noti.

Kazi yake ilikuwa kusimamia vyoo vya kulipia nyuma ya mabanda ya mboga. Alikalia kiti cha plastiki ambacho mguu mmoja ulifungwa waya, na mbele yake palikuwa na meza ndogo, karatasi zilizokatwa tayari, na kisanduku cha bati chenye kufuli. Ufunguo wa kufuli alikuwa nao tajiri, yaani mwenye kandarasi ya vyoo. Mama Chenji alipokea sarafu, akaitumbukiza kwenye tundu la kisanduku, akatoa karatasi. Watu wakipungua alivaa glavu, akabeba ndoo ya dawa na brashi, akaingia kusugua. Na kusugua alikujua. Watu walisema kwenye vyoo vyake unaweza kutandika mkeka ukalala.

Sasa, mtu anayepokea sarafu kutwa nzima hakosi kuziangalia. Siku moja mbeba mizigo alimwachia sarafu mezani, naye akaigeuza tu, kupoteza muda. Upande mmoja jani, upande wa pili ndege. Lakini ndege huyu alikuwa kichwa chini, miguu juu, kama popo. Akadhani ameishika vibaya. Akachukua sarafu nyingine, akaigeuza vilevile: ndege kasimama sawasawa. Akarudia ile ya kwanza: popo. Akacheka peke yake mpaka mwanamke aliyekuwa anatoka chooni akajikagua gauni, akidhani limenasa nyuma.

Ile sarafu hakuitumbukiza kisandukuni. Alifungua pochi yake, akatoa nyingine ya thamani ileile, akaitia hiyo, na yule ndege akamweka pochini. Ukawa ndio mtindo wake. Ikija sarafu ya zamani yenye picha isiyotengenezwa tena, au iliyopigwa chapa mara mbili mpaka jani lina kivuli, anaibadilisha na yake. Kisanduku hakikupungukiwa kitu. Nyumbani zilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda. Jioni akishakula alizisugua kwa majivu na ndimu mpaka zinawaka kama meno ya dhahabu. Ndege peke yake ndiye hakumgusa, akabaki pochini. Aliogopa atafutika.

Dada yake mkubwa, ambaye waliishi pamoja tangu wote wawili wafiwe na waume, alikuwa hakomi kumsema.

"Mdogo wangu, wenzako wanakusanya vyombo, wewe unakusanya vyuma. Ukifa tukuzike na kopo?"

"Mnizike nalo. Na msisahau kifuniko."

Tajiri naye alijua. Alikuwa akija kufungua kisanduku anamtania: "Vipi, benki yako imefika wapi?" Mama Chenji anajibu imefika pazuri, wanacheka, yanaisha. Utani ulikufa siku tajiri alipoona kwenye simu habari za mtu wa mbali huko, aliyepata sarafu ya ajabu kwenye chenji ya dukani, akaiuza kwa bei ya pikipiki.

Kesho yake alikuja saa ambazo foleni imefika mpaka kwenye ndizi. Hakusalimia.

"Mama, lile kopo nalitaka."

"Lipi, tajiri? La dawa au la sabuni?"

"Usinizungushe. La sarafu. Zile sarafu zimelipwa kwenye choo changu. Ni mali yangu."

Foleni nzima ikageuka kutazama. Mama Chenji alijibu kwa sauti iliyotulia.

"Tajiri, tangu nikae hapa, kisanduku chako kimewahi kupungua?"

"Sijasema kimepungua."

"Basi ulishalipwa. Mimi nimetoa yangu, nimechukua nyingine. Muuza vitunguu akikuvunjia noti, ile noti huwa unamfuata kumdai?"

Mtu mmoja kwenye foleni akasema, "Hapo kweli." Mwingine akaguna. Tajiri aliona watu wanamponyoka, akapandisha sauti.

"Mimi sikuja kubishana na mfagia choo! Chagua moja. Kopo au kazi."

Labda angesema jingine lolote, angepewa hata nusu ya zile sarafu. Mama Chenji hakuwa mchoyo. Lakini neno hilo, mfagia choo, lilimkata maini. Alisimama, akavua glavu moja baada ya nyingine, akazilaza mezani. Akavua aproni, akaikunja vizuri kama nguo ya kuazima. Akachukua brashi na kumshikisha tajiri mkononi.

"Cha tatu kutoka mlangoni kimeziba tangu asubuhi," alisema. "Dawa iko nyuma ya pipa."

"Wewe mama, unajua unachofanya?"

"Najua. Ninyi ndio mnashangaa."

Akabeba pochi yake kwapani akaondoka. Nyuma alimsikia mteja wa mbele akilalamika, "Jamani, hayo mtamalizana, lakini mimi nimebanwa! Nampa nani hela?" Foleni nzima ikaangua kicheko, na tajiri amesimama katikati yao na brashi inachuruzika kwenye viatu.

Nyumbani hapakuwa na kicheko. Dada mtu alishika kichwa.

"Kazi! Umeacha kazi kwa ajili ya vyuma! Kesho asubuhi uende ukamwombe radhi."

"Siendi."

"Tutakula nini?"

"Sijui, dada. Lakini siendi."

Asubuhi yake alitia kopo kwenye kikapu, akaenda mjini kwa fundi saa mmoja mzee aliyekuwa akinunua vitu vya zamani. Njia nzima alijikaza, huku moyoni keshanunua pikipiki mbili. Fundi saa alimwaga sarafu kwenye kitambaa, akabana lenzi jichoni, akainua moja, akainua ya pili. Kisha akatoa lenzi na kumtazama kama mtu aliyefiwa.

"Nani kazisugua hivi?"

"Mimi."

"Kwa nini, mama yangu?"

"Si zilikuwa chafu! Kazi yangu kusafisha."

Mzee akamweleza taratibu kwamba wanaokusanya sarafu wanapenda uchafu uleule wa miaka mingi, na zikishakwaruzwa kwa majivu hazina tena bei kwao. Zote zile zilibaki kuwa hela ya kawaida, za kununulia chumvi na kiberiti. Mama Chenji alizitazama zinavyong'aa. Halafu kicheko kikampanda kutoka tumboni, kikamshinda, machozi yakamtoka. Ameacha kazi kwa ajili ya kopo la hela ya chumvi! Fundi saa akamletea maji, akidhani anaumwa.

Alipokuwa anafungua pochi atafute leso, zilianguka sarafu alizokuwa hajazitia koponi: ndege wake wa kichwa chini, na nyingine mbili alizozipata majuzi. Fundi saa aliinama mwenyewe kuziokota. Safari hii lenzi ilikaa jichoni muda mrefu.

Hizo mbili alizinunua. Haikuwa bei ya pikipiki, labda ya tairi zake. Kwa yule ndege alimtajia bei nzuri zaidi.

"Huyu hauzwi," alisema Mama Chenji.

"Nakuongezea."

"Hata ukiongeza. Huyu ndiye aliyenichekesha."

Dada yake aliposikia nusura azimie. Lakini alikuwa ameshamzoea mdogo wake: akiweka ngumu, ameweka. Akauliza tu, "Haya, hela za hizo mbili unazifanyia nini?"

Alichofanya kilizungumzwa soko zima. Alikwenda kwa katibu wa soko, akalipia nafasi ndogo ya meza, na katika nafasi zote zilizokuwa wazi akachagua ile inayotazamana na mlango wa vyoo. Akapanga sabuni, ndala, karatasi laini kuliko zile za tajiri. Na kwenye bakuli la plastiki, chenji: zile sarafu zake zote za kopo, zinang'aa kama zimetoka kiwandani jana. Tajiri alikwenda kushtaki. Katibu akamwambia kandarasi yake inaishia mlangoni, nje ni kwa soko.

Kijana aliyewekwa kusimamia vyoo hakuwa na chenji hata siku moja. Mwenye noti alielekezwa ng'ambo kwa mama, na mama alikuwa havunji noti bure, ununue kitu. Wengi walinunua karatasi. Baada ya muda dada mtu naye akaja na kigoda chake, "nikusaidie kidogo tu," akawa haondoki, na akawa ndiye mkali zaidi kwa wanaoomba kupunguziwa bei.

Siku moja tajiri alivuka mwenyewe. Vyoo vilikuwa vinanuka mpaka kwenye nyanya.

"Mama, tuyamalize. Rudi, nitakuongezea."

"Tajiri, umekuja kununua au kuvunja noti? Wapo watu nyuma yako."

Alisita, kisha akatoa noti, akachukua kipande cha sabuni. Mama Chenji alianza kumrudishia, akigeuza kila sarafu mbele ya macho yake, bila haraka. Moja aliishika, akaitazama pande zote mbili, akaitia pochini, na mahali pake akaweka nyingine.

"Hii nimeipenda," alimwambia.

Tajiri aliitazama pochi, akamtazama yeye. Akapokea chenji yake, akavuka kurudi kwenye vyoo vyake.