Wa Kwanza Akilia, Msimkimbilie

Fundi wa nguo alikuwa na mdomo wa kuwachekesha wateja hata nguo ikichelewa wiki mbili. Lakini tangu kipimo kilipoonyesha vichwa viwili tumboni mwake, mzaha ulimkauka. Watu walimpa hongera, akaitikia kwa adabu, kisha akainamia cherehani yake asionekane uso.

Hofu yake ilikuwa na umri sawa na yeye. Alizaliwa pacha. Shangazi yake, mtu asiyeuma maneno, alimsimulia akiwa na miaka kumi: alitoka yeye kwanza, akilia kama anayedai haki yake, na wote waliokuwa chumbani wakamkimbilia. Wakamfuta, wakamfunika, wakaisifu sauti yake. Hakuna aliyejua kuwa amebaki mwingine. Walipokuja kuweka mkono juu ya tumbo la mama, muda ulikuwa umekwisha. Aliyefia tumboni alikuwa wa kiume. Mama hakumtaja tena.

Basi yule mtoto wa miaka kumi akashika moyoni kwamba kilio chake ndicho kilichomuua nduguye, na sasa, akiwa na thelathini na minne, alikuwa bado hajaliachilia wazo hilo. Ujinga, ndiyo. Lakini ujinga uliokua nao tangu utoto hautoki kwa kuambiwa utoke. Kuna mara, akisimama mbele ya kioo cha wateja na futi shingoni, alihisi mtu nyuma ya bega lake, wa kimo chake kabisa. Hageuki. Anaendelea kupima.

Wiki ya thelathini na nne daktari alimweleza mpango. Mama yake alikaa pembeni, mkoba mapajani.

"Wa kwanza ametanguliza kichwa, kwa hiyo unaweza kujifungua kawaida. Wa pili amelala kukingama. Mara nyingi mwenzake akitoka tunaweza kumgeuza. Akikataa, au mapigo ya moyo wake yakishuka, tunakupasua."

"Mpasueni tu," mama akasema. "Wote wawili kwa mara moja. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Inawezekana, mama, na uamuzi ni wa mwanao. Ila kisu nacho kina hatari zake."

Fundi alikuwa akikunja na kukunjua pindo la gauni lake. "Daktari, nikikata vitambaa viwili kwa pamoja, cha juu nakiona. Cha chini ndicho kinateleza na sijui. Huyu wa chini, nani atamwangalia?"

Mkunga, mwanamke mnene mwenye miwani, ndiye aliyejibu. "Mimi, dada. Kipimo cha mapigo yake hakitoki tumboni mpaka yeye atoke. Na kila mtoto atakuwa na muuguzi wake."

Fundi akapiga moyo konde: atajaribu kawaida. Chumba cha upasuaji kitakuwa tayari, atachomwa ganzi ya mgongo mapema, na karatasi ya kukubali kupasuliwa aliisaini pale pale. Kisha akaomba mstari mmoja uongezwe kwenye faili. Mkunga akauandika bila kucheka: Wa kwanza akilia, msimkimbilie nyote.

Mama akainuka, akasema ana kiu, akatoka.

Uchungu ulimfika wiki ya thelathini na saba, na saa nne asubuhi akazaliwa msichana. Alilia kwa sauti iliyojaza chumba. Fundi akaziba masikio kwa viganja.

"Mnyamazisheni, jamani."

"Mwache alie," mkunga akasema. "Kulia si kosa lake." Mkono wake ulikuwa juu ya tumbo, haukubanduka.

Daktari alijaribu kumgeuza wa pili. Mtoto akagoma. Mapigo yakapungua, yakapungua tena, na daktari akasema neno moja tu: twende. Kitanda kikasukumwa koridoni, kikampita mama aliyesimama ukutani. Alikuwa amesikia kilio kimoja, na damu ilikuwa imemhama usoni.

"Bado yumo?" akauliza.

Fundi akajiinua kwa kiwiko.

"Yumo, mama. Wanajua kuwa yumo."

Ganzi ilikuwa imeshakolea. Alihisi kuvutwa, bila maumivu, kisha kimya ambacho alikuwa amekiogopa maisha yake yote. Akahesabu pumzi zake mwenyewe, akafika kumi na moja. Ndipo kikasikika kikohozi, na baadaye kilio chembamba cha mtoto wa kiume.

Mama aliporuhusiwa kuingia wodini, alimpita msichana bila kumwangalia, akamnyanyua mvulana, akamweka shavuni. Alilia wazi wazi mbele ya watu, yeye asiyelia hata msibani.

"Umekawia, mwanangu," akamwambia. "Nimekungoja mno."

Muuguzi akatabasamu, akafungua mdomo amkumbushe kuwa huyu ni mjukuu. Fundi akamtikisia kichwa anyamaze.