Baragumu la Hamisa

Tangu utotoni Hamisa Semboja aliambiwa ana kichwa kigumu, na tangu utotoni alijibu kwamba kichwa laini hakibebi mkungu wa ndizi. Alizaliwa Mpale, mlimani, mahali ambapo mtu akitaka chumvi hushuka na akitaka kulala kwake hupanda. Njia ni ile ile moja, nyembamba, inayopinda ubavuni mwa mlima kama mshipi uliolegea.

Baba yake, mzee Semboja, alikuwa mpiga baragumu wa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Pembe ile ya tandala ikilia alfajiri, kila nyumba hutoa mtu na jembe, njia ikapaliliwa, mitaro ikazibuliwa, kisha watu wakala makande ya chungu kimoja. Hakuna msimamizi wala mshahara. Mwenye baragumu ndiye anayesema kazi ianzie wapi, na hakuna wa kumbishia. Tena siku hiyo hapiti mtu mikono mitupu. Awe shehe, awe mgeni aliyepotea, atalima kidogo ndipo apishwe. Hamisa mwenyewe, siku anashuka kwenda kuolewa Sindeni, alipalilia na hina mikononi, mawifi wakisonya pembeni.

Ndoa yenyewe haikufika mbali. Rehani, mumewe, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkulima mwenye bidii na mwenye aibu nyingi. Alimkuta mkewe anauza chai kando ya barabara, akasema, "Mke wangu hauzi chai njiani."

"Basi atauza asiye mke wako," Hamisa akamjibu, akajitwika kapu na birika lake, akarudi kwao na wanawe. Mpaka leo watu wa Sindeni wanaisimulia habari hiyo, wengine wakicheka, wengine wakitikisa kichwa.

Mzee Semboja alipofariki, wazee walisema baragumu liende kwa Adamu, mtoto wa kaka yake, maana mwanamke hapigi baragumu. Adamu akapuliza, yakatoka mate. Akapuliza tena, zikatoka kelele ambazo heri mate. Hamisa akalinyakua mikononi mwake, akavuta pumzi, akapiga. Watu wakatoka majumbani na majembe, matanga hayajaanuliwa! Tangu siku hiyo hakuna aliyemwuliza tena kuhusu uanamke wake.

Kibanda chake cha chai kiko kwenye kona ya njia, pale wanaotoka soko la Manundu wanapotua mizigo. Pembeni yake Mwanaisha anauza ndizi mbivu, na wanawake wengine mihogo na miwa. Kwa hiyo zilipokuja habari kwamba serikali imetenga fedha za kutengeneza njia ya matembezi, ili wageni wapande mlima kwa miguu na biashara za wenyeji zichangamke, Hamisa ndiye aliyepiga vigelegele kuliko wote. Akanunua vikombe vipya vya udongo. Akakikandika kibanda upya. Akaota wageni wamekaa kwenye benchi lake wakiulizia mchaichai.

Kisha Faraji, mwenyekiti wa kamati ya njia, kijana wa Mpale aliyekulia huko huko, akafungua ramani mkutanoni. Njia ya wageni haikupita kwenye kona. Ilizunguka mgongo mwingine wa mlima, kwenye pori lisilo na mtu, ikaishia kwenye nyumba ya mapumziko aliyokuwa akiijenga shemeji yake.

"Mbona mmeturuka?" Hamisa akauliza.

"Shangazi, watalii wanataka utulivu. Hawapendi kukutana na watu wenye mizigo."

"Kwa hiyo sisi ni kelele?"

Faraji akaanza kuikunja ramani. Alisema fedha zimepangiwa vibao, ngazi na madaraja, lakini kufyeka pori ni juu ya wananchi. "Jumamosi ni msaragambo," akamalizia.

Hasira zilimpanda Hamisa hadi masikioni, maana ni wizi wa mchana kumwambia mtu achimbe kwa jembe lake njia itakayompita yeye mwenyewe. Lakini kuna neno moja lilimkaa kichwani.

"Umesema msaragambo, mwanangu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Mbele ya wote."

"Haya. Nitapiga."

Walipotoka, Mwanaisha alimfuata mbio, macho yamemwiva. "Umetuuza, Hamisa! Utawaita watu wakamlimie shemeji wa mtu?"

"Na ni nani anayesema kazi ianzie wapi?"

Mwanaisha akasimama. Kicheko kilimtoka taratibu, mpaka akalazimika kushika mti.

Jumamosi baragumu likalia. Watu wakamiminika, na Hamisa akawapeleka kwenye kona, mbele ya kibanda chake, akasema, "Tunaanzia hapa." Njia ya zamani ikapanuliwa, mawe yakapangwa, nyimbo zikavuka bonde.

Ng'ambo ya bonde Faraji alikuwa amesimama na wageni wawili kutoka mkoani, watu wa mradi waliokuja kuona wananchi wanavyojituma kabla fedha hazijatoka. Hapakuwa na mwananchi hata mmoja. Nyimbo walizisikia. Walikuja, Faraji mbele, shati limelowa.

"Shangazi, unanidhalilisha! Njia si hii!"

"Wewe ndiye uliyesema msaragambo."

"Nitaandika kwamba umekwamisha mradi wa serikali. Hicho kibanda kitavunjwa, na baragumu lako litachukuliwa!"

Hamisa aliogopa, tusidanganyane. Kibanda ndicho kilichosomesha wanawe, na baragumu ndilo pekee alilobaki nalo la baba yake. Lakini aliwaona wote wamesimama na majembe wakimtazama yeye, akaona kwamba akirudi nyuma leo, hatakuwa na mahali pa kuuweka uso wake tena.

"Andika," akasema. "Andika na jina la baba yangu. Gari lenu mmeliacha kule chini, na njia ya kushukia ni hii hapa. Mnajua sheria ya leo."

Akamnyooshea jembe.

Mmoja wa wageni, mama aitwaye Angel, akauliza sheria gani. Mwanaisha akamweleza. Angel akacheka, akavua viatu, akalichukua jembe, akalima vibaya sana lakini akalima, watu wakamshangilia. Alipochoka akaketi kwenye benchi la Hamisa, akapewa chai katika kikombe kipya.

"Mnapita hapa kila siku?" akauliza.

"Tangu babu zetu."

Angel akaitazama ramani, kisha akamtazama Faraji. "Siwezi kusaini njia ambayo wenyewe hawaipiti. Chora upya, ipite hapa, kisha uniletee. Kabla ya hapo hakuna kitakachotoka." Akairudisha chai mdomoni.

Faraji akaitazama njia ya kushukia. Gari liko chini, jua linapanda, na mbele yake wamejipanga watu wote waliomwona akizaliwa. Mama yake mzazi alikuwa miongoni mwao, mwanamke aliyembeba mgongoni kwenye njia ile ile akishuka naye hospitali. Hakumtetea. Alikuwa ameegemea mpini wa jembe, anasubiri kama wengine.

Jembe lilikuwa chini, miguuni pa Angel. Hamisa alilichukua, akalifuta udongo kwa upindo wa kanga, akamnyooshea Faraji mara ya pili.

Akalipokea. Akainama na viatu vyake vinavyong'aa, akapiga jembe la kwanza, likakwaruza juu juu tu.

"Zamisha, mwanangu," Hamisa akamwambia. "Wageni watapita hapa."